Maketisti na Herufi Sita

Nianze na ujinga wenyewe, msije mkasema nimewaficha. Asubuhi ya Jumamosi moja, mbele ya ukumbi wa harusi hapa kwetu Buyenzi, nilipanda juu ya kreti mbili za soda, nikachomoa herufi nne zilizobanwa kwa pini kwenye kitambaa cheupe, nikazirudisha mahali pasipo pake. Sikuongeza kitu, sikupunguza. RI ilikwenda nyuma, BU ikaja mbele. Kitambaa kilichosema KARIBU kikawa kinasema KABURI. Nilishuka, nikarudisha kreti za watu, nikaenda kuomba andazi kwa wanawake waliokuwa wanapika. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na nilicheka peke yangu mpaka andazi likanipalia.

Nilifanya kwa kisasi, na kisasi chenyewe hakikuwa changu chote. Sehemu kubwa ilikuwa ya mpangaji wetu wa chumba cha nyuma. Jina alikuwa nalo, lakini uani hakuna aliyelitumia. Sote tulimwita Maketisti, kwa ajili ya kazi yake. Maketi ni ule ukurasa wa mfano. Unachukua karatasi ngumu, unakata maandishi yaliyopigwa mashine, unakata picha, unapanga, unabandika kwa gundi. Ukishamaliza ndipo kiwanda kinaupiga picha na kuchapa gazeti. Miaka na miaka hakuna ukurasa wa lile gazeti lao uliotoka bila kupita chini ya kiwembe chake.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye tai. Tai ile niliiona siku za kazi na siku za Bwana. Niliiona siku ambazo bunduki zililia upande wa Kinama tangu alfajiri, na zile siku ambazo mji wote ulifungwa, hakuna gari, hakuna soko, naye akakaa mlangoni kwake na tai shingoni, hana pa kwenda.

"Tai ni mustari," aliniambia. "Mutu bila mustari anamwagika."

Jicho lake lilikuwa ugonjwa. Mama yangu anauza ndagala, vile visamaki vya ziwani, na anavianika uani juu ya mabati. Maketisti hakuweza kupita bila kusukuma bati kwa ncha ya kiatu mpaka yote yalingane.

"Muzee, achana na samaki yangu!" mama alikuwa anapiga kelele. "Ndagala haijui mustari!"

"Inajua, Mama. Ukiiona mu ziwa, iko mu mustari. Ni we unaiharibu."

Daftari langu la hesabu aliliangalia mara moja tu, akalifunga kama mtu aliyefungua choo chenye mtu. "Haina pembeni," alisema. "Mutoto anaandika mpaka ukingoni, huyu iko siku ataanguka." Mimi nikamjibu kwamba pembeni ni karatasi inayopotea bure. Akanikalisha chini, akanipangia vipande vya maneno mezani, akanionyesha kwamba nafasi kati ya herufi haipimwi kwa rula. Rula inadanganya, kwa sababu A ina mabega membamba na U ina tumbo. Unakunja macho nusu, unasogeza mpaka weusi wote unakuwa sawa. Alinipigia kelele mchana mzima. Nilijifanya sisikilizi. Nilisikiliza, bahati mbaya.

Sasa niwaambie jinsi alivyofukuzwa, maana kisasi chote kimeota hapo. Ukurasa wa pili wa gazeti huwa na kisanduku kidogo chenye majina ya waliolitengeneza, kuanzia Mkurugenzi kushuka chini. Siku moja ya kufunga toleo alipewa kisanduku kipya kutoka kwa mpiga mashine. Akakata, akapima, akaanza kubandika. Alipofika chini hakuona jina lake. Mpiga mashine alikuwa ameagizwa aliondoe, akaliondoa, ila akasahau kuondoa nafasi yake. Kukabaki mstari mtupu.

Unadhani alifanya nini? Alichukua kiwembe, akaikata ile nafasi, akapandisha mistari ya chini, akabandika, akafuta gundi iliyozidi. Kisanduku kilitoka safi kabisa.

"Ulikuwa uwaachie tobo!" nilimwambia. "Mi ningeacha tobo, watu wote waone!"

"Tobo ni kosa," alisema. "Mi sifanyi kosa."

Jumatatu yake kompyuta ilikuwa imewekwa juu ya meza yake, na mbele ya kompyuta ameketi mpwa wa mke wa Mkurugenzi, kijana aliyejua kuwasha na kuzima. Mkurugenzi hata hakutoka ofisini kumuaga. Mlinzi wa mlango ndiye aliyempa kiwembe chake ndani ya bahasha.

Hapo Maketisti akaanza kazi ya pili, ya kisasi. Kila wiki alinunua gazeti lile lile, akakaa chini ya dirisha letu na kalamu nyekundu, akaweka alama kila kosa la yule mpwa. Picha iliyokatwa kichwa. Kichwa cha habari kilichopotezwa mkia. Tangazo la msiba lililowekwa juu ya tangazo la bia. Ijumaa alifunga tai, akatembea kwa miguu mpaka mjini, akamwachia mlinzi gazeti lililojaa nyekundu kama mtu aliyetokwa damu ya pua: "Mupe Mkurugenzi." Hakuandika neno lolote la matusi. Hakuandika jina. Ijumaa baada ya Ijumaa, mvua, jua, risasi.

Mama alimuuliza hiyo itamsaidia nini.

"Kisasi ni kama gundi, Mama. Ukibandika ikiwa mbichi inateleza. Iache kwanza ianze kukauka."

Na katika mambo madogo alikuwa hana huruma kabisa. Mama anafunga ndagala kwa magazeti ya zamani, kama wauzaji wote. Maketisti akinunua, anatazama karatasi kwanza, samaki baadaye.

"Apana hii."

"Kwa nini tena?"

"Hii ukurasa ya kwanza nilifanya siku tatu."

Mama anachukua nyingine. "Na hii?"

Anaiangalia kidogo. "Hii ni ya mupwa. Funga. Weka na mafuta."

Redio aliichukia. Mama anayo moja, inaimba na kutoa habari tangu asubuhi mpaka saa ya watu kujifungia, na wakati ule kila ua ulikuwa na ya kwake. Vita ikiwa karibu hivyo, nani atasubiri gazeti la Ijumaa limwambie Jumatatu walikufa wangapi? Maketisti akipita mbele yake anakunja uso. "Habari bila pembeni ni makelele." Lakini niliwahi kumkuta amesimama nyuma ya ukuta, amefunga macho, anasikiliza. Aliponiona akasema alikuwa anatafuta kiatu.

Halafu ikaja ambago. Nchi jirani zikafunga mipaka, na karatasi ikawa adimu kuliko petroli. Gazeti lilikuwa kurasa kumi na mbili, likawa nane, likawa nne. Wenzake wa kiwembe walitawanyika mmoja mmoja. Mmoja alihamia kuchora vichwa vya wanawake kwenye kuta za saluni. Mwingine alikuwa anaandika "Mungu Mwema" nyuma ya malori ya magereji ya hapa Buyenzi. Wa tatu alivuka mpaka na hatukusikia tena habari zake. Na Maketisti, ambaye aliliombea lile gazeti kifo kila siku ya Mungu, alianza kununa. Kurasa nne, makosa machache. Kalamu nyekundu ilikaa mezani kama mtu asiye na kazi.

Ijumaa moja alitoka na tai, akarudi bado ameshika gazeti la wiki iliyopita. Mlinzi alimwambia pamefungwa, wote wamekwenda nyumbani, hata mpwa. Nilipiga makofi. Nilimwimbia. Nilicheza mbele ya mlango wake: "Muzee, amekufa adui! Amekufa!" Alinipita kama ukuta. Hakutoka chumbani siku tatu. Mama alimpelekea ugali, akarudi ananong'ona kwa mshangao: "Yampayinka, amekaa eda kama mujane."

Kitu kimoja alikuwa bado nacho kutoka enzi zake, karatasi ya mwisho ya herufi za kusugua. Sijui kama mmeziona. Ni karatasi laini yenye herufi nyeusi zinazong'aa. Unaiweka juu ya kazi yako, unasugua kwa kijiti, herufi inahama. Zilikuwa zinatoka Ulaya, kwa hiyo E zilijaa tele, na K zilikuwa mbili tatu tu, kana kwamba huko hawasemi kitu. Kwa Kirundi na Kiswahili chetu K zinaisha kabla hujamaliza salamu. Maketisti alikuwa anatengeneza K kwa kuvunja X: anaondoa mguu na mkono wa kushoto, anasimamisha fimbo. Ukiwa na jicho unaiona. Hiyo karatasi ya mwisho aliitunza ndani ya Biblia.

"Ya nini?" nilimuuliza.

"Ya siku ya kisasi."

"Utaandika nini?"

"Fupi."

Siku hiyo niliisubiri kuliko yeye. Wakati huo alikuwa amejipatia kazi nyingine, ya kukata herufi za frigoliti, lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Alikata majina ya maharusi, akayapaka rangi, akayabana kwa pini kwenye vitambaa vya ukumbini. Watu walikuwa wanaoana sana miaka ile, kama wanaowahi kitu. Na harusi zote nzuri zilikuwa na herufi zake. "Ni gazeti ya siku moja," alisema, "lakini hata hii watu wanaisoma."

Ndipo Mkurugenzi akaja uani kwetu, na gari. Binti yake anaolewa. Wakwe ni watu wa Uvira, Waswahili, harusi inafanyika Buyenzi karibu na jamaa zao, na vinatakiwa vitambaa vitatu mlangoni: KAZE kwa Kirundi, BIENVENUE kwa Kifaransa, na KARIBU kwa heshima ya wakwe. Mama alimpa mkono. Akaupokea kwa vidole viwili, halafu nikamwona anatoa kitambaa mfukoni, anajifuta harufu ya ndagala, mbele yake, polepole, kila kidole. Mimi akaniita "mutoto ya samaki" akaniambia nichunge gari.

Hapo kisasi kikawa na sehemu yangu.

Maketisti alimsikiliza amesimama, mikono nyuma. Nilidhani atamtemea mate. Mkurugenzi akasema, "Bon, mon cher, gazeti linarudi. Karatasi inapatikana sasa. Ule kijana ameshindwa, tuseme ukweli. Baada ya harusi njoo tuongee. Meza yako iko."

Na yule mtu wa kalamu nyekundu, mtu wa gundi inayokauka, alilia. Chozi moja tu, lakini mimi nililiona na nilikasirika nalo. Wiki nzima alikuwa anapiga mluzi. Alinoa kiwembe. Alimwambia mama mara nne: "Mama, meza yangu iko." Mimi nilimwambia Mkurugenzi anadanganya, anataka herufi nzuri tu. Akanijibu, "Sha, nyamaza," bila hasira.

Basi. Jumamosi ile asubuhi alitundika vitambaa vyake, akaenda kuoga na kubadili shati. Mama alikuwa nyuma ya ukumbi na wapishi wenzake, mimi nimemletea sufuria. Nikaziona kreti. Sehemu nyingine mnaijua.

Ila kuna kitu sikuwaambia. Sikubandika ovyo. Nilikunja macho nusu, nikasogeza B, nikasogeza R, mpaka weusi ukawa sawa. Nilitaka kazi iwe safi.

Mkurugenzi alifika, akapita chini ya kitambaa, akakitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikisoma kama alivyosoma gazeti lake. Alipita mara ya pili na mgeni, akamwonyesha hata kwa kidole. Nilikuwa nyuma ya mti wa jirani, tumbo linaniuma kwa kicheko. Halafu wakafika wakwe. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye kitenge cha manjano, alisimama katikati ya mlango, akasoma kwa sauti kama anayesoma somo kanisani:

"Ka-bu-ri." Akageuka. "He! Munatukaribisha wapi, mu kaburi? Tumevuka barabara ya vita kuja kuzikwa?"

Vigelegele vilikatika. Wazee wa Uvira walirudi garini. Bibi harusi alikaa chini juu ya ngazi na gauni lake lote. Na Mkurugenzi, nilimwona, uso ukawa kama karatasi ambayo haijachapwa. Ilikuwa tamu. Siwezi kusema uongo, ilikuwa tamu.

Maketisti akatokea na shati jeupe na tai. Watu wakampisha. Alikitazama kitambaa muda mrefu, na niliona kwamba hasomi. Anapima.

Mkurugenzi akamvuta pembeni, karibu na mti wangu. "Sema ni kosa," alimnong'oneza. "Ulikuwa umechoka, herufi zimechanganyika. Uwaombe musamaha, nami nitasema ni kosa. Iishe."

"Mi sifanyi kosa."

"Basi ulikusudia?"

Maketisti alinyoosha tai yake.

"Nakuuliza, ulikusudia?"

"Tazama nafasi kati ya herufi," alisema Maketisti. "Hii inaonekana kosa?"

Mkurugenzi alitazama juu, kwa mara ya kwanza akatazama kweli. "Ni mukono wako," alisema.

"Basi."

Mti ulikuwa hatua tano kutoka pale. Ningeweza kutoka. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, fupi kuliko lile la herufi sita. Sikulisema. Nilirudi kwa mama kuosha sufuria, kitu ambacho sijawahi kufanya bila kuchapwa, na mama hakushtuka kwa sababu alikuwa anamlilia bibi harusi.

Harusi ilifungwa jioni ile ile, kwa haraka, bila ngoma. Jumapili mama alisimama mbele ya chumba cha nyuma.

"Mutu anamuandikia bibi harusi kaburi, mu hii wakati ya vita, hawezi kulala karibu na mutoto wangu. Toka."

Hakujitetea. Alifunga godoro lake, matela kama tunavyosema hapa, akalibeba kichwani. Kiwembe mfuko wa shati, Biblia kwapani. Alipopita kwenye mabati ya ndagala alisimama, akalisogeza moja kwa ncha ya kiatu, likalingana. Mimi nilikuwa mlangoni. Sikumbebea hata sahani.

Harusi nyingine haikumwita tena Buyenzi. Gazeti halikurudi.

Karibu mwaka ulipita. Njia ya kaskazini ikatulia kidogo, na mama akanituma Carama na ndagala za mteja wake. Huko nyumba zinaishia mashambani, na kandokando ya barabara kuna seremala. Nje ya karakana yake kuliegemezwa misalaba ya mbao, mipya, kama saba, imeandikwa majina kwa rangi nyeusi. Nilipita. Halafu nikarudi nyuma. Majina siyajui, lakini nafasi kati ya herufi niliijua.

Alikuwa ndani, ameinama juu ya ubao, na tai.

"Habari, Muzee."

"Umekuja na ndagala?"

"Ya mutu mwingine." Nilitua mzigo chini. "Kazi iko?"

"Iko. Hii gazeti yangu haikosi karatasi. Inatoka kila siku, ukurasa moja moja." Alichovya brashi. "Na kompyuta haijaitaka bado."

"Muzee, ile siku ya harusi..."

"Kati ya B na U."

"Nini?"

"Uliacha nafasi kubwa. Mi ningesukuma U kidogo tu, unene wa kucha. Zingine zilikuwa sawa."

"Ulijua?"

"Pale pale."

"Kwa nini haukusema?"

"Ningesema nini? Nimeacha kazi yangu bila mulinzi, mutoto ya shule akaishika? Au nimekosea? Bora waniogope."

"Nilitaka kukulipia! Ule mutu alikuwa anakudanganya. Meza haikuwepo!"

Alimaliza herufi aliyokuwa nayo kabla ya kunijibu. "Labda alidanganya. Labda apana. Sasa hatutajua. Ile nafasi uliifunga we."

Niliomba msamaha. Niliomba vizuri, bila mzaha, labda mara ya kwanza tangu nizaliwe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nisubiri, akaingia chumba cha ndani. Alikawia. Nilisikia sauti ndogo, kama ukucha juu ya karatasi, ikisita, ikianza tena. Sikuiwazia. Akatoka na bahasha imefungwa kwa gundi.

"Mupe mama. We usifungue."

Na akatabasamu. Miaka yote ile sikuwahi kuona meno yake. Nikajua nimesamehewa, na kwamba ndani kuna salamu, pengine anaomba chumba chake. Nilitembea kutoka Carama mpaka Buyenzi naimba.

Mama alikuwa uani, redio inalia. Alipasua bahasha kwa kidole chenye mafuta. Nikachungulia juu ya bega lake, nikaona si mwandiko wa kalamu. Zilikuwa herufi nyeusi zinazong'aa, zimenyooka kama jeshi, na kila K ilikuwa X iliyovunjwa mkono na mguu. Karatasi yote ya mwisho alikuwa ameimaliza kwa mistari miwili.

Mama husoma polepole, kidole chini ya kila neno, kwa sauti.

"Mama, ile KABURI ya harusi ni mkono wa mtoto wako. Ana mkono mzuri, kati ya B na U tu ndipo alikosa nafasi."

Alisoma mara mbili. Akainuka, akazima redio, akakitazama chumba cha nyuma kilichokuwa wazi tangu siku ile. Halafu akanigeukia, wala hakupandisha sauti.

"Ule muzee nilimufukuza na matela yake ku kichwa," mama alisema. "Yako iko wapi?"